Unataka kuanza kazi ya kutafutia kampuni wafanyakazi? Chagua hivi pa kuanzia

Kila wiki kuna wadogo zangu wananiuliza, dada nimemaliza chuo, nimesoma HR, nataka kuingia kwenye uwakala wa ajira, nianzie ofisi gani? Niko kwenye kazi hii hapa Dar mwaka wa tisa sasa, nimepita ofisi tatu, na ya kwanza nilikosea kabisa kuchagua, nilivutiwa na jengo zuri na kadi za biashara zenye jina langu. Kwa hiyo kabla hujatuma CV popote soma hii.

Hatua ya 1: Jua ofisi inalipwa na nani

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe. Wakala wa kweli analipwa na mwajiri. Kampuni inataka mhasibu, inakupa kazi, unamtafuta, akisharipoti kazini unapeleka invoisi, mara nyingi ni asilimia fulani ya mshahara wake wa mwaka au mshahara wa mwezi mmoja, na unawapa garantii labda ya miezi mitatu, akiondoka kabla unawatafutia mwingine bure. Anayetafuta kazi hatoi hata mia. Na siyo huruma ya ofisi hiyo, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1997 unakataza kumtoza na kanuni zetu za mawakala binafsi wa ajira za 2014 nazo zinakataza.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa inauza fomu. Saa mbili asubuhi ngazi zimeshajaa watu na bahasha zao za kaki, mimi niko mezani na kitabu cha risiti. Wiki ya pili akaja mama mmoja na kijana wake, akafungua fundo la khanga, akahesabu noti za elfu moja moja zilizokunjwa ndogo ndogo mpaka zikatimia, nikamwandikia risiti. Jioni nikauliza ile nafasi ni ya kampuni gani, nikaambiwa haipo, tunakusanya majina kwanza. Iliniuma na bado inaniuma. Mwisho wa mwezi nikaondoka, na muda wote huo sikuwahi kumpigia mwajiri simu hata moja, maana ofisi ikishakula kwa anayetafuta kazi haina haja ya kumtafutia, na wewe hapo hujifunzi chochote zaidi ya kuandika risiti.

Kwa hiyo tafuta watu wawili waliopelekwa kazini na ofisi unayoitaka, waulize walitoa shilingi ngapi. Halafu ulizia kibali cha uwakala wa ajira, leseni ya biashara peke yake haitoshi.

Hatua ya 2: Chagua deski

Ajira za serikali zina Sekretarieti ya Ajira, wewe utakuwa zaidi na makampuni na mashirika, na huko kila rikruta, yaani mtafuta wafanyakazi, ana deski lake, yaani sekta anayoitafutia watu, benki, NGO, mauzo, migodi. Chukua eneo ambalo unaweza kuongea na fundi wake dakika kumi bila kubabaika. Kama umekulia Geita na unajua shifti za mgodini zinavyokwenda, hiyo ni mali, na tangu zile kanuni za 2018 zinazotaka migodi iwape Watanzania kipaumbele, kazi ya kuwatafuta ina uzito wake.

Hatua ya 3: Ofisi kubwa au ndogo

Mimi nasema ndogo, ya watu watano sita, ilimradi bosi anapiga simu mwenyewe. Kwenye kubwa unaweza ukamaliza mwaka unapanga CV kwenye Excel tu na klaienti, yaani kampuni inayotafutiwa watu, humjui hata kwa sura. Kwenye ndogo utaandika tangazo, utapiga simu, utakaa kwenye intavyuu, utadai hela. Utachoka, ila utaijua kazi yote.

Hatua ya 4: Soma mkataba kwenye komisheni

Usiangalie asilimia tu. Uliza inalipwa lini, invoisi ikitoka au klaienti akishalipa? Maana klaienti wengine wanakaa na invoisi miezi. Na mtu akiacha kazi ndani ya garantii, wanakukata komisheni uliyokwisha kula? Waandike, usikubali ya mdomo.

Hatua ya 5: Omba ukae nao nusu siku

Kaa pembeni usikilize simu. Rikruta mzuri akimpigia mtu anauliza kwanza "una nafasi ya kuongea hapo ulipo?", maana huyo yuko kazini na bosi wake labda yuko meza ya pili. Anamwambia mshahara uko kati ya ngapi na ngapi, na anaomba ruhusa kabla ya kutuma CV yake popote. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, lakini hata kabla ya sheria, CV kutua kwa mwajiri wake mwenyewe ni balaa, mtu anaweza kupoteza kazi aliyonayo.

Sikiliza pia wanavyowajibu waliokosa. Kama kuna mtu anachukua simu kuwaambia "safari hii hujapata, na sababu ni hii", hapo omba kazi, hata kama mshahara wa kuanzia ni mdogo kidogo kuliko ulivyotaka.