Kitini chako cha QGIS: ruhusa inaombwa wapi na wapi haiombwi

Wakuu, hili swali naulizwa kila kozi: nikiitaja programu ya watu, kama hii QGIS ya kutengeneza ramani, kwenye kitini changu na kuweka picha zake, si lazima niwaandikie kwanza? Kuna walimu wazuri wameacha kabisa kuandika vitini kwa hofu hiyo, na inaniuma. Twende.

1. Kutaja jina na kueleza inavyotumika hakuombewi ruhusa. QGIS ina leseni huria iitwayo GPL, na hiyo inahusu kunakili, kubadilisha na kusambaza programu yenyewe.

2. Andika kwa maneno yako. Ukichukua maelezo kwenye mwongozo wa QGIS, huo una leseni nyingine, CC BY-SA: taja chanzo, taja leseni, sema umebadilisha nini (kutafsiri nako ni kubadilisha), na kipande hicho nacho kitoke kwa leseni hiyohiyo.

3. Skrinishoti piga mwenyewe, ila angalia kilichomo ndani yake. Mimi nilipiga nikiwa nimefungua ramani ya Tandale, Dar es Salaam, vichochoro vyote vinaonekana, nikaprinti kopi 40, ndo mwanafunzi mmoja akauliza hii ramani ya nani? Data ni ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea; ina leseni yake ya ODbL na inataka wachangiaji hao watajwe. Jioni nzima nilikaa na peni naandika chini ya kila picha "© wachangiaji wa OpenStreetMap", kopi moja moja.

4. Nembo ya QGIS usiipachike kwenye jalada kana kwamba kozi ni yao. Na wana utaratibu wao rasmi wa vyeti, kwa hiyo wewe andika "cheti cha kozi ya kutumia QGIS", basi.

MASWALI

Mwalimu, nikiuza kitini je?
Uza mkuu, leseni hizi hazikatazi biashara. Ila kile kipande cha CC BY-SA mnunuzi naye ana haki ya kukinakili na kukigawa.

Nyuma ya ramani yangu nimeweka picha ya satelaiti ya Google, kuna shida?
Hiyo sio huria dada, ina masharti yake, yasome kabla hujaprinti. Mimi huwa naitoa naweka ramani ya OpenStreetMap.

Wanafunzi hawana bando, nawawekea programu kwenye flashi.
Hapo sasa unasambaza, GPL inakuhusu. Usiondoe faili la leseni, na kodi chanzo (programu kama ilivyoandikwa na watengenezaji) ya toleo hilohilo iweke kwenye flashi hiyohiyo.