Namna ya Kubashiri Apple Itatangaza Nini Mwezi wa Septemba

Anayetaka kubashiri kitakachotangazwa na Apple katika uzinduzi wake wa Septemba aanze na yale ambayo kampuni hiyo haiwezi kuyakwepa, kabla hajatazama hata picha moja ya simu inayodaiwa kuvuja.

Kalenda ndiyo kipimo chepesi kuliko vyote. Tangu iPhone 5 ya mwaka 2012, simu kuu mpya zimekuwa zikitangazwa Septemba, isipokuwa mwaka 2020, janga la korona liliposogeza uzinduzi hadi Oktoba. Mifumo endeshi huonyeshwa Juni, hivyo usiitegemee kukushangaza Septemba.

Baada ya kalenda, soma sheria. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2022 kwamba simu zitakazoingizwa katika soko lake kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 ziwe na tundu la kuchajia la USB-C. Aliyeisoma sheria hiyo hakuhitaji mpasha habari wa siri: swali lililobaki lilikuwa kama badiliko lingekuja Septemba 2023 au 2024, na lilikuja 2023, kwenye iPhone 15.

Vibali navyo husema mengi. Januari 2007, Steve Jobs aliionyesha iPhone ya kwanza miezi kadhaa kabla ya kuuzwa, akieleza jukwaani kwamba ilipaswa kuombewa kibali cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na kwamba ni afadhali Apple iitangaze yenyewe kuliko kuiachia mamlaka hiyo. Siku hizi waombaji huweza kuficha sehemu ya nyaraka zao hadi siku ya uzinduzi, lakini orodha ya vifaa ya Tume ya Uchumi ya Eurasia, chombo cha Urusi na baadhi ya majirani zake, imewahi kuonyesha namba za modeli mapema. Namba hizo hudokeza kwamba kifaa kinakuja. Hazisemi kitafanya nini.

Ili kujua kitafanya nini, fuatilia kampuni zinazonunuliwa. Apple ilinunua AuthenTec mwaka 2012, na kisomaji cha alama za vidole kikatokea kwenye iPhone 5s mwaka uliofuata. Usidhani, hata hivyo, kwamba mwendo huwa huo siku zote: PrimeSense, kampuni ya vihisi vya 3D, ilinunuliwa 2013, lakini utambuzi wa uso ulisubiri iPhone X ya 2017, na biashara ya modemu (chipu inayounganisha simu na mtandao) iliyokubaliwa kununuliwa kutoka Intel mwaka 2019 ilizaa modemu ya kwanza ya Apple mwaka 2025 tu, kwenye iPhone 16e. Hataza, yaani haki za uvumbuzi zilizosajiliwa, kwa maoni yangu ziache kabisa. Ni nyingi mno, na nyingi haziwi bidhaa.

Hapo ndipo tetesi zipewe nafasi, na kila tetesi igawanywe mara mbili: je, kitu hicho kipo, na je, kitatangazwa siku hiyo? Mwaka 2021 mchambuzi Ming-Chi Kuo alisema iPhone 13 ingewasiliana kwa setilaiti. Uwezo huo ulikuja kweli, ila kwenye iPhone 14, mwaka mmoja baadaye. Tena, kutangazwa si kuuzwa: chaja isiyotumia waya ya AirPower ilionyeshwa Septemba 2017, ikafutwa Machi 2019 bila kufika dukani.

Mwisho, andika ubashiri wako kabla ya uzinduzi, kila kipengele na asilimia yake ya uhakika, na unapojisahihisha, kilichochelewa mwaka mzima kihesabu kuwa umekosea.