Kubadilisha tangi la petroli lililo chini ya sitaha katika boti ndogo ya uvuvi: hatua kwa hatua

Boti nyingi za faiba zinazofuata jodari na nguru katika Mkondo wa Pemba, na zile zinazotoka Kilindoni kwenda kuvua nje ya Mafia, zina urefu wa mita 6 hadi 8 na injini ya kupachika nyuma. Baadhi yake hutumia tangi dogo la kubeba, na nyingine zina tangi la alumini lililofungwa chini ya sitaha. Mwongozo huu unahusu tangi la aina hii ya pili, kwa sababu likianza kuvuja huvujia mahali ambapo hakuna anayeona, na mara nyingi mwenye boti hutambua pale tu anaposikia harufu ya petroli asubuhi au anapogundua kuwa mafuta yanakwisha kabla ya safari kwisha.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu kazi nzima inalizunguka: kwa kawaida tangi la alumini halitobolewi na petroli iliyo ndani yake. Hutobolewa na maji ya chumvi yanayonaswa chini yake, kati ya bamba na sponji, zulia au ubao uliowekwa ili kulilaza. Fundi anayenunua tangi jipya zuri na kulilaza juu ya kilalio kilekile cha zamani amenunua tundu jingine litakalochelewa kidogo tu.

Hatua ya kwanza: kuiandaa boti na kuondoa petroli

Boti ipandishwe pwani wakati wa bamvua, ikae sawa juu ya magogo, mahali penye upepo na mbali na majiko ya wachuuzi wa samaki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai ukapotea. Hushuka ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kutulia humo, na ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa iliyopo unaweza kuwaka. Kwa sababu hiyo, ondoa nyaya za betri kabla ya kufungua chochote, ukianza na ule wa hasi, kisha itoe betri yenyewe nje ya boti. Pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe ni hatari kubwa katika hatua hii, kwa kuwa cheche ya swichi yake inatokea palepale mvuke ulipokusanyika. Simu na sigara vibaki nje, kwa fundi na kwa vijana wanaotazama.

Nyonya petroli kwa pampu ya mkono na uitie kwenye madumu yanayofaa kwa petroli, yakiwa yamewekwa chini ardhini na si juu ya sitaha ya faiba, ili umeme tuli upate njia ya kwenda. Wanaofanya kazi wakae upande wa joshini, yaani upepo unakotoka, ili mvuke usiwapitie. Usinyonye kwa mdomo, hata kama ndiyo desturi ya pwani nzima: petroli kidogo ikiingia mapafuni inaweza kuua.

Hatua ya pili: kulitoa tangi la zamani

Kabla ya kukata chochote, funua ngama, acha upepo upite mpaka harufu iishe, kisha ziba matundu yote ya tangi kwa vizibo vya mpira. Chora mstari wa kukatia sitaha, na uhakikishe kuwa haupiti juu ya taruma (mbavu za boti) wala juu ya mipira ya mafuta. Mimi hutumia msumeno wa mkono hapa. Grainda ni ya haraka, lakini hutoa joto na cheche ikigonga skrubu, na kina chake ni kigumu kukidhibiti pale sitaha na mgongo wa tangi vinapokaribiana. Vaa barakoa, kwa maana vumbi la faiba likiingia kifuani halitoki kwa urahisi. Kipande kinachotoka kitunzwe, kwa sababu kinaweza kurudi kuwa mfuniko.

Tangi likishatoka, ligeuze kifudifudi na ulitazame kwa makini kabla ya kulitupa. Pale lilipogusa sponji utaona unga mweupe uliogandamana, na ukiukwangua kwa kisu utakuta vishimo vidogo vidogo, vingine vikiwa vimepita upande wa pili kwa upana wa ncha ya sindano. Pale ambapo hewa ilikuwa inapita, bamba mara nyingi bado ni zima, na alama ya kalamu ya mchomeleaji bado inasomeka. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuongoza katika kilalio kipya.

Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani yake mna mvuke na hewa kwa kiasi kinachoweza kulipuka. Lisikatwe na lisichomelewe na fundi wa magari aliye karibu. Lioshwe kwa maji ya sabuni, lijazwe maji pomoni, na lisiachwe mahali watoto wanapochezea. Maji hayo ya kuoshea yasimwagwe baharini wala kando ya kisima.

Hatua ya tatu: kuchagua tangi jipya

Pima nafasi kwa sentimita, si kwa macho. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 50 na kina cha 24 hubeba lita 120, na kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa takriban kilo 0.74, mafuta hayo peke yake ni karibu kilo 89. Wavuvi wengi hutaka tangi jipya liwe kubwa kuliko la zamani. Inawezekana, lakini kila lita 60 zinazoongezwa ni kilo 44 zaidi, na zikiwekwa karibu na tezi boti hukalia nyuma ikiwa imejaa na hubadilisha mwendo kadiri mafuta yanavyopungua. Mahali bora ni karibu na katikati ya boti.

Kuhusu malighafi, nina msimamo. Ikiwa liko tangi la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa ajili ya boti na linaingia katika nafasi yako, nunua hilo, kwa sababu chumvi hailili. Ikiwa umbo la boti linadai tangi la kuchongesha, basi liwe la alumini ya baharini, yaani ile ya namba 5083 au 5052, yenye unene wa angalau milimita 3, na ndani mwake kuwe na mabamba ya kuvunja mawimbi ya mafuta. Bati la chuma cha kawaida, hata likipakwa rangi, lisitumike. Katika tangi la petroli matundu yote yawe juu. Lisiwe na koki wala kizibo chini, hata kama mchomeleaji anakuambia kuwa ni rahisi kumwaga uchafu kwa njia hiyo.

Kabla ya tangi kuingia botini, lipimwe kwa hewa. Kipimo kinachotumika sana ni kilopaskali 20, yaani karibu psi 3, kwa dakika 5. Tumia pampu ya baisikeli na geji inayosoma shinikizo dogo, kisha paka povu la sabuni kwenye kila mshono na kila kiungo. Usilipeleke kwenye kompresa ya gereji. Kilopaskali 20 zinaonekana kidogo, lakini juu ya bamba la nusu mita ya mraba ni msukumo wa takriban tani moja, na kompresa isiyodhibitiwa inaweza kulipasua tangi mbele ya uso wako.

Hatua ya nne: kilalio

Hapa ndipo pa kutumia muda. Safisha ngama mpaka uone faiba yenyewe, ng'oa sponji lote lililolowa, na urekebishe mataruma yaliyooza kabla ya kujenga chochote juu yake. Kisha jenga mihimili miwili ya kulalia tangi, iliyoshikana na mataruma kwa mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) na rezini, iliyozibwa kila upande ili ubao wa ndani usinywe maji. Tangi likae angalau sentimita 2 juu ya mahali maji ya ngama hufikia, na chini ya mihimili pawe na njia ya maji kwenda kwenye pampu.

Juu ya mihimili weka vipande vya mpira mgumu au plastiki isiyonyonya maji, vyenye unene wa milimita 6. Kwa tangi la alumini, vipande hivi vigandishwe kwenye bamba la tangi kwa gundi ya baharini iliyoenea kote, pasibaki hata upenyo mwembamba, kwa sababu upenyo huo ndio utakaovuta maji na kuyashika. Tangi lenyewe lipakwe epoksi chini na pembeni kabla ya hapo. Pande zote nne ziachwe wazi ili hewa ipite. Wapo wanaomimina povu la kuvimba kuzunguka tangi ili lisitikisike. Baada ya miaka michache povu hilo hunyonya maji, na tangi likawa limevikwa kitambaa cha chumvi kilicholowa.

Tangi la plastiki lina dai lake tofauti. Likishajazwa petroli huvimba, takriban asilimia 2 kwa urefu na upana, hivyo tangi la mita moja linahitaji sentimita 2 za nafasi. Ukilibana kwa mbao pande zote litabinuka na kuvuta viungo vyake.

Mikanda ya kufungia iwe ya chuma kisichoshika kutu, ikiwa na mpira chini yake, na ilishike tangi lisiende mbele, nyuma, kando wala juu. Sehemu ya juu ndiyo husahauliwa. Boti inaporuka wimbi la kusi na kutua, tangi la kilo 90 huinuka na kushuka nayo kwa nguvu maradufu. Usiruhusu kiungo cha shaba kigusane moja kwa moja na alumini, kwa kuwa maji ya chumvi yakifika hapo alumini ndiyo huliwa.

Hatua ya tano: mipira, pumzi na ethi

Mpira wa kujazia uwe na upana wa ndani wa milimita 38, na wa pumzi, unaopitisha hewa ya tangi, milimita 16. Nunua mpira ulioandikwa ubavuni ISO 7840, ambao umetengenezwa kustahimili petroli na moto. Mpira wa bustani na ule mwangavu wa maji hukakamaa na kupasuka. Kila mwisho wa mpira wa kujazia ufungwe kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Mipira yote miwili ishuke kuelekea kwenye tangi bila kufanya tumbo, kwa sababu petroli ikikaa kwenye tumbo la mpira wa pumzi, tangi haliwezi kuvuta hewa. Pumzi ipande juu kwanza, ipinde, kisha itokee nje ya ubavu wa boti ikiwa na wavu wa kuzuia moto, mbali na mlango wowote wa ngama. Mdomo wa kujazia nao uwe mahali ambapo petroli ikimwagika itateremkia nje.

Unganisha waya wa ethi, yaani wa kuondoa umeme tuli, kutoka kwenye mdomo wa chuma hadi kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi hadi kwenye hasi ya mfumo wa umeme. Multimita isome chini ya omu 1.

Bomba la kunyonyea liishie sentimita 2 hivi juu ya sakafu ya tangi. Baada yake ifuate vali ya kuzuia mafuta kujivuta yenyewe, koki, filta ya kutenganisha maji ya maikroni 10, na pampu ya kuminya yenye mshale unaoelekea kwenye injini.

Hatua ya sita: majaribio kabla ya kufunika

Tia lita 20, paka povu kwenye viungo, kisha acha usiku kucha. Asubuhi, kabla ya upepo kuanza, nusa ngama. Ukiridhika, jaza hadi asilimia 95, kwani petroli hutanuka juani, na ukague tena viungo vya juu. Hapo ndipo betri irudi na injini iwashwe.

Injini ikififia baada ya muda na kupata nguvu tena unapofungua mfuniko wa tangi, pumzi imeziba. Pampu ya kuminya ikinywea, kuna kizuizi kabla yake. Ikikataa kuwa ngumu, hewa inaingia kwenye kiungo fulani.

Sitaha usiifunge moja kwa moja kwa rezini. Fanya mfuniko wa bolti wenye gasketi, na kama boti iko karibu na ukaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), au wa Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa walio Zanzibar, mwache mkaguzi aone kazi ikiwa wazi. Safari za mwanzo ziwe za karibu na pwani. Baada ya mwezi mmoja fungua mfuniko, kaza mikanda na klipu, mwaga maji yaliyokusanyika kwenye filta, na upitishe mkono chini ya tangi kuhakikisha kuwa ni pakavu.