Usikwangue Lote: Kuokoa Jino Lililotoboka Bila Mashine

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka minne. Gego la chini kushoto lilikuwa na tundu ambalo punje ya mtama ingekaa vizuri. "Ling'oe tu, mwanangu," akaniambia, "si la utoto hilo?" Nikamwambia, "Bibi, hili atatafunia mpaka afike miaka kumi au kumi na moja. Tulitunze."

Mimi ni tabibu wa meno kwenye kituo cha afya wilayani Kilosa. Umeme ukikatika siahirishi mgonjwa, kwa sababu kazi hii ni ya mikono. Na si ya kuazima: kuziba meno kwa zana za mkono pekee kulianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980.

Anza na maumivu. Jino linalomwamsha mtoto usiku, au fizi yenye kijipu cha usaha, hiyo si kazi ya njia hii; mshipa umeshaharibika. Likimsumbua anapokula tu, endelea.

Siku ya kwanza napaka silva diamini floraidi ya asilimia 38. Sisi tunaiita dawa ya fedha (madini, si noti, maana kuna mzazi aliwahi kuuliza bei kwa hofu). Fedha inaua wadudu, floraidi inasaidia madini ya kalsiamu kurudi. Kabla ya kufungua chupa, mweleze mzazi kwamba tundu litakuwa jeusi na weusi hautoki. Mwonyeshe picha. Asipokubali, usipake. Usimpake pia mwenye mzio wa fedha au vidonda mdomoni.

Paka vaselini kwenye midomo na fizi, weka pamba pande zote mbili za jino, likaushe. Tone moja linatosha meno kadhaa. Chovya kibrashi, sugua ndani ya tundu kwa dakika moja, kisha fyonza ziada kwa pamba. Vaa glavu na funika meza: koti langu jeupe lina doa la tangu mwaka juzi.

Baada ya wiki mbili au tatu, gusa kwa chuma cha kuchunguzia, polepole. Palipokuwa panazama pataanza kukataa.

Sasa simenti ya glasi ionoma, ndiyo ya kuzibia tundu. Hapa ndipo vijana wanaotoka chuo wanapoharibu: wanakwangua mpaka wasikie mlio wa jino gumu. Ule uozo wa juu, laini na wenye majimaji, uondoe kwa kijiko cha kukwangulia. Tabaka la chini linalochanika kama ngozi kavu liache, hasa tundu likiwa refu. Limepoteza madini, lakini nyuzi zake zipo, na hizo ndizo madini yanakorudi. Kingo za tundu tu ndizo zisafishwe hasa mpaka zikauke na kuwa ngumu, kwa sababu simenti inashikana na kalsiamu ya sehemu ya jino isiyooza. Kingo chafu zinavujisha.

Osha kwa pamba yenye maji, kausha kwa pamba kavu. Changanya kijiko kimoja cha unga wa simenti na tone moja la kimiminika chake, au kwa kipimo cha kampuni yako, upesi, ndani ya nusu dakika. Tumia ingali inang'aa, ikififia, tupa. Jaza, kisha paka vaselini kidoleni ubonyeze juu kwa nusu dakika hivi. Mwambie aume, punguza palipozidi, paka vaselini tena. Asile kwa saa moja.

Adui ni mate. Mwaka wangu wa kwanza nilimhurumia mtoto aliyekuwa analia, nikamwacha ameze mate katikati ya kazi. Baada ya siku tatu mama yake alinirudishia ile simenti imefungwa kwenye karatasi, nzima, kama mbegu ya ukwaju.

Watu wa Arusha huniuliza kama floraidi haitamfanya mtoto meno ya kahawia. Rangi ile inatokana na kunywa maji yenye floraidi nyingi wakati meno ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya. Tone la kupaka mara moja moja ni habari nyingine.

Miezi sita baadaye, mjukuu akirudi, kagua na paka upya palipo wazi. Nyumbani bibi amswakishe mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, kwa aliye chini ya miaka mitatu punje ya mchele. Ateme povu, asisukutue. Simenti nayo inaifyonza floraidi hiyo na kuitoa kidogo kidogo.