Somo: Kumfikishia Kijana Fedha Taslimu Kabla Hajakosa Pa Kulala

Ndugu wanachama, somo hili limeandikwa kwa ajili ya wenzetu wanaohudumia vijana nchini Marekani. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na Chapin Hall, kituo kilicho katika Chuo Kikuu cha Chicago, ulionyesha kuwa ndani ya miezi 12 kijana mmoja kati ya 10 wenye umri wa miaka 18 hadi 25 hukumbwa na ukosefu wa makazi wa namna moja au nyingine. Wengi hamtawaona barabarani, kwa sababu wiki hii wamelala kwenye kochi la rafiki na wiki ijayo watakuwa kwa shangazi, mpaka wenyeji wachoke. Nionavyo mimi, msaada wa fedha taslimu huharibiwa zaidi na ucheleweshaji na masharti kuliko na udogo wa kiasi chenyewe.

Hatua ya kwanza ni kumtenganisha anayekaribia kupoteza makazi na aliyekwisha kuyapoteza. Yule anayekaribia anahitaji malipo ya mara moja, na anayahitaji upesi. Mjini Chicago watu wenye dharura ya kodi hupiga simu kwenye kituo kimoja cha msaada; siku nyingine mfuko huwa na fedha, siku nyingine huwa mtupu. Watafiti waliwalinganisha waliopiga katika siku hizo mbili tofauti, na mwaka 2016 wakachapisha katika jarida la Science kwamba waliokuta fedha walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 76 wa kuingia kwenye makazi ya dharura ndani ya miezi sita. Ni kweli kwamba hawakuwa vijana peke yao, lakini fundisho linabaki lile lile: fupisheni fomu, na mtu mmoja apewe mamlaka ya kuidhinisha malipo bila kusubiri kikao.

Hatua ya pili ni kupanga kiasi kwa ajili ya aliyekwisha kupoteza makazi. Mpango wa New York uliotangazwa mwaka 2021 uliwalenga vijana wa miaka 18 hadi 24, kwa dola 1,250 kila mwezi kwa muda usiozidi miaka miwili. Jimbo la Oregon, mwaka 2023, lilianza kutoa dola 1,000 kila mwezi kwa miaka miwili, pamoja na dola 3,000 za mara moja. Naomba mzitazame vizuri hizo 3,000. Tuseme chumba ni dola 1,100 kwa mwezi: mwenye nyumba atadai kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya kiasi hicho hicho, nazo tayari ni 2,200 kabla ya ada ya maombi, godoro na sufuria moja. Kijana mwenye 1,000 mkononi hataupata ufunguo, hata kama ameahidiwa 1,000 nyingine kila mwezi.

Hatua ya tatu hurukwa sana, nayo ni kukagua misaada ya serikali ambayo kijana anaipokea. Mwenye ulemavu anayelipwa SSI (posho ya kila mwezi ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo), kwa mfano, kwa kawaida hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kwa hiyo malipo makubwa ya mara moja yanaweza kumkatia riziki ya kila mwezi. Mkalisheni na mshauri wa mafao kabla ya malipo ya kwanza, kisha aamue mwenyewe.

Hatua ya nne ni fupi: kijana achague njia ya kulipwa, na huduma ya mshauri iwepo bila kuwa sharti la kupata fedha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Hizi fedha hazitaishia kwenye pombe?*

Marahaba. Huko Vancouver, Kanada, watu 50 wasio na makazi walipewa dola 7,500 za Kanada kwa mkupuo mmoja, wakalinganishwa na wenzao 65 ambao hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa kwa mwaka mzima siku zao za kukosa makazi zilipungua kwa 99, na matumizi ya pombe na mfano wake hayakuongezeka. Hata hivyo, wenye uraibu mkali hawakuhusishwa, kwa hiyo tusiwasemee.

*Je, wa miaka 16 naye apewe?*

Kwa kawaida mkataba wa upangaji unamtaka mtu mzima. Kwa umri huo ningeanza na ndugu aliye tayari kumpokea, na fedha ziende kupunguza mzigo wa kaya hiyo, mradi kijana mwenyewe awe salama hapo.

*Mwanangu, mimi nawapangisha watu. Huyu kijana hana hati ya mshahara, nitamwamini vipi?*

Mzee wangu, swali lako lina uzito, na dawa yake ni barua. Shirika linalolipa liandike kiasi cha kila mwezi, tarehe ya malipo na mwezi ambao malipo yatakoma, kisha kijana akuletee barua hiyo kwa mkono wake. Mwezi wa kukoma usifichwe. Ni heri ukubali mkataba wa miezi 12 ukijua ukweli kuliko kushtukizwa katikati ya njia, na kijana naye ajue mapema ni lini kodi yote itakuwa juu yake.