Somo: Kusoma madoa ya punje ya mahindi na kuzielewa jeni zinazoruka

Ndugu zangu, wengi mlioniuliza habari za jeni zinazoruka, yaani vipande vya DNA vinavyohama kutoka mahali pamoja hadi pengine, mlitaka nianze na michoro ya kromosomu. Naomba tuanze na hindi moja, maana elimu hii ilianzia shambani. Miaka ya 1940, huko Cold Spring Harbor, New York, Barbara McClintock alikuwa akipanda mahindi, akiyachavusha kwa mkono na kuzitazama punje moja moja. Alichokiona aliwaeleza wenzake mwaka 1951, na wengi hawakumwelewa. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1983, akiwa na miaka 81.

Hatua ya 1: Tafuta hindi. Waulize wakulima waliotunza mbegu za kienyeji za rangi. Unataka punje nyeupe au za manjano zilizonyunyiziwa madoa ya zambarau. Punje yenye vumbi la kijani au kijivu itupe: huo ni ukungu, na unaweza kuwa na sumukuvu.

Hatua ya 2: Loweka punje usiku kucha, asubuhi menya ganda taratibu kwa kucha. Ganda ni la mmea mama. Rangi tunayoitafuta iko kwenye tabaka jembamba chini yake, lililotokana na uchavushaji. Madoa yakibaki, endelea.

Hatua ya 3: Soma madoa. Hapa msiwe na haraka, kwani ndipo penye utamu wote. Katika mahindi ya McClintock, kipande cha DNA kiitwacho Ds kilikuwa kimejichomeka ndani ya jeni ya rangi na kuizima. Ds hakiwezi kuhama peke yake. Kinategemea kipande kingine, Ac, kinachotengeneza kimeng'enya cha kukata. Ac kikiwepo, Ds huchomoka katika seli moja hapa, nyingine pale. Seli iliyoachwa huru hurudisha rangi, na kila seli itakayozaliwa nayo hurithi rangi hiyo. Basi doa kubwa maana yake Ds kiliruka mapema, punje ikiwa bado changa. Vidoa kama vya kalamu vinakuambia kiliruka mwishoni. Doa moja ni ukoo mmoja wa seli, na ukubwa wake unakuonyesha ukoo ulianza lini.

Hatua ya 4: Chukua karatasi, andika MAMA ALIPIKA UGALI. Sentensi hii ni mfano wa jeni, maana nayo DNA husomwa kama herufi zilizopangwa, na alama #### ni kipande kinachoruka. Kipande kinapojichomeka, herufi chache za mahali hapo hurudiwa pande zake zote mbili: MAMA ALIPIKA####PIKA UGALI. Sasa kichomoe. Kinabaki MAMA ALIPIKAPIKA UGALI. Kipande kimeondoka, lakini maana si ileile, maana anayepikapika hapiki kwa makini! Kwa Ac na Ds herufi zinazorudiwa ni 8, na seli ikiunga pale palipokatwa mara nyingi huacha alama. Mara jeni hupona, mara hubaki mbovu, mara hufanya kazi kwa namna mpya.

Hatua ya 5: Sasa fikiria miaka milioni kadhaa. Kuna vipande vingine visivyochomoka kabisa; hujinakili kupitia RNA (molekuli inayobeba nakala ya DNA) na nakala ikaenda kukaa kwingine. Hivyo ndivyo jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, inavyovimba. Ya mpunga ina herufi kama milioni 400, ya mahindi zaidi ya bilioni 2, na takriban asilimia 85 ya hiyo ya mahindi imetokana na vipande vinavyoruka vya kila aina. Kimoja, Hopscotch, kilitua takriban herufi 60,000 kabla ya jeni iitwayo tb1 na kuiongezea nguvu. Teosinte, mmea wa Mexico uliozaa mahindi, hutoa matawi mengi. Tb1 yenye nguvu huyazuia, ukapata bua moja nene kama mnavyolijua. Hopscotch hakikuja kwa ajili ya mkulima. Kilikuwepo tayari, wakulima wakachagua mimea iliyowafaa. Ndiyo maana sikubali vipande hivi viitwe takataka, na vilevile sikubali tuseme viliwekwa kwa kusudi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Na sisi binadamu tunavyo?

Marahaba. Tunavyo, karibu nusu ya jenomu yetu. Aina ya Alu peke yake ina nakala zaidi ya milioni moja, kila moja kama herufi 300. Vingi vimeshakufa, lakini vichache bado huruka: mwaka 1988 watafiti waliona kipande cha aina nyingine, L1, kilichojichomeka kwenye jeni ya kugandisha damu na kusababisha hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Upande wa pili, protini moja inayojenga kondo la nyuma ilitokana na kirusi cha kale kilichoingia katika DNA ya mababu zetu.

Mwalimu, mahindi haya ni GMO? Watoto wanaweza kula?

Si GMO, yaani si mmea uliobadilishwa jeni maabarani, ndugu yangu. Kuruka huku ni kwa asili, na mahindi meupe unayokula kila siku yamejaa vipande vilevile. Wapikie bila hofu, mradi hayana ukungu.

Nikipanda punje yenye madoa makubwa, nitavuna madoa makubwa?

Si lazima. Ghala la chakula la punje hupokea seti mbili za jeni kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, hivyo Ac inaweza kuwa sifuri, moja, mbili au tatu. Kadiri Ac inavyozidi, Ds huchelewa kuruka na madoa huwa madogo. Pasipo Ac hakuna doa. Panda punje kumi, zitenge na mahindi mengine, chavusha kila mmea kwa chavua yake mwenyewe, kisha hesabu madoa kwenye kila hindi na utuletee hapa.