Jinsi ya kuona tatizo la maada giza kwa kalkuleta ya simu

Watu wengi wakisikia maada giza (dark matter, yaani maada isiyoonekana inayodhaniwa kujaa kwenye galaksi) wanadhani ni stori za kubuni, kumbe hesabu yake we mwenyewe unaiweza, toa tu kalkuleta.

Anza na sayari. Umbali wa Dunia mpaka Jua uite 1, kasi ya Dunia ni kilomita 29.8 kwa sekunde, sasa chukua kasi mara kasi mara umbali, unapata kama 888. Mshtarii umbali 5.2 na kasi 13.1, inakuja 892. Neptuni iko 30, kasi 5.43, unapata 885. Yaani namba ni ileile, vitofauti hivyo ni vya desimali tulizokata, kwasababu kwa sheria ya Newton hesabu hiyo inapima maada iliyoko ndani ya mzunguko, na hapa karibu yote ni Jua.

Sasa nenda kwenye galaksi, yaani kundi kubwa la nyota na gesi. Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walitoa vipimo vya kasi za galaksi ya Andromeda, na ukicheki gesi ya pembeni kabisa kasi yake haishuki kama ya Neptuni, inabaki karibu palepale. Tuseme kasi ni 225, weka umbali 10 halafu weka 20 (kipimo chochote cha umbali, mradi kiwe kilekile), jibu linaruka kutoka 506,250 hadi 1,012,500. Maada imekuwa mara mbili, na huko pembeni nyota ni chache mno!

Hapa usikimbilie jibu, maana ndipo fizikia ilipokwama mpaka leo. Ama kuna maada tusiyoiona, ama sheria yenyewe ya mvutano inabadilika huko mbali, kama mwanafizikia Milgrom alivyopendekeza 1983, na wazo lake linabashiri kasi za galaksi vizuri sana kwaiyo msilidharau. Mi naegemea maada, sababu ni Bullet Cluster: makundi mawili ya galaksi yaligongana, gesi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada inayoonekana, ikabaki nyuma, lakini mwanga unavyopinda unaonyesha uzito mwingi ulipita pamoja na galaksi. Ila LZ, detekta inayotafuta chembe za maada giza, iliyoko chini ya ardhi kama kilomita 1.5 kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu South Dakota, Marekani, haijanasa hata chembe moja.

Ukitaka kuendelea tafuta data za SPARC, orodha ya kasi na umbali kwenye galaksi 175, ni za bure, chagua moja, piga kasi mara kasi mara umbali kila mstari, chora grafu, uone kama inakuja kulala au inazidi kupanda.